3dLMEr ya AFNI kwa wanaopima umri na jinsia kwenye picha za ubongo: ya bure, imara, ila maana utaitafuta mwenyewe

Wanafunzi wa masta hapa Kampala na kule Mbarara wananiuliza swali lile lile: nimepiga watu MRI ya ubongo, wengine mara mbili wengine mara tatu, nataka kujua umri unafanya nini na wanaume na wanawake wanatofautiana wapi, nitumie programu gani? Siku hizi jibu langu ni 3dLMEr. Nimeitumia vya kutosha kuisifu na kuikosoa, na kwa kuwa hakuna anayeiuza hamna mtu wa kunihonga hapa. Naipa nyota 4 kwa 5, na hio moja niliyoikata inahusu jinsi inavyokupa majibu ya umri na jinsia bila kukuambia yana maana gani, basi rivyu hii karibu yote itakuwa juu ya hapo.

Kwa asiyeijua, 3dLMEr ni programu ndogo ndani ya AFNI, ile pakeji kubwa ya picha za ubongo aliyoianzisha Robert Cox mwaka 1994 kule Wisconsin na ambayo sasa inatunzwa NIMH, taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, Bethesda. Hii sehemu ya modeli za kikundi, yaani za kuchambua watu wengi pamoja, ni kazi ya Gang Chen. Ndani yake inaita R, ile lugha ya takwimu, hasa pakeji za lme4 na lmerTest, inachukua vokseli moja (kipande kidogo kabisa cha picha ya ubongo), inaendesha modeli ya athari mchanganyiko hapo, yaani modeli inayojua kwamba picha kadhaa ni za mtu mmoja, inahamia inayofuata, mpaka ubongo mzima uishe. Kuna kaka yake 3dLME anayetumia nlme, pakeji nyingine ya R, bado yupo, lakini huyu wa sasa kumwandikia ni rahisi kwa sababu modeli unaiandika vile vile unavyoiandika kwa R: 'jinsia*umri+(1|Subj)' na umemaliza. Majina ya kolamu unachagua wewe, mi zangu zote naandika kwa Kiswahili na haijawahi kulalamika, bora tu ya kwanza iitwe Subj (jina la mtu) na ya mwisho InputFile (faili la picha yake).

Hako ka (1|Subj) ndo kanabeba kazi. Kanasema kila mtu ana kiwango chake cha kuanzia, kwa hio picha zake mbili zitafanana zenyewe kwa zenyewe kuliko picha za watu wawili tofauti. Ukiacha kukaweka unahesabu mtu mmoja kama watu watatu, na p zako, zile namba za kupimia kama matokeo ni ya bahati tu, zinakuwa ndogo bure bure. Uzuri mwingine, na kwetu huu ni mkubwa kweli, ni kwamba mtu asiporudi kupigwa picha ya pili humtupi. Mtu anahama, nauli inakosekana, mvua inakata barabara, mtoto anapelekwa kwa bibi yake Arua, basi ile picha yake moja bado inaingia kwenye jedwali na inasaidia. Zile njia za zamani za vipimo vya kujirudia zingekulazimisha umtoe mtu mzima mzima.

Lakini kama watu wako WOTE wana picha moja moja, usije hapa. Kwa kipimo kimoja hakuna namna ya kutenganisha upekee wa mtu na kelele za kipimo, we nenda 3dMVM au hata 3dttest++ tu, nazo zimo humo humo AFNI.

Kusakinisha sitakaa sana. Linux na Mac inaingia vizuri, Windows lazima upitie WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows), halafu pakeji za R unazivuta kwa amri moja ya rPkgsInstall. Inakula bando, kwa hio tafuta waifai ya chuo. Hakuna dirisha la kubofya, ni kuandika skripti kwenye terminali, na -dataTable, jedwali la watu wako na faili zao, iwe ya mwisho siku zote. Anayeogopa terminali atateseka wiki ya kwanza halafu atazoea.

Sasa tuingie penyewe.

Kitu cha kwanza, na ndo kinachoharibu tasnifu nyingi, ni -qVarCenters, yaani kituo: umri ambao tofauti ya makundi inapimiwa. Ukiandika jinsia*umri umeambia modeli kwamba mstari wa wanaume na mstari wa wanawake unaweza kuteremka kwa kasi tofauti. Sawa. Ila mistari miwili isiyo sambamba haina "tofauti" moja, tofauti yake inategemea umepima umri gani. Chukua namba hizi nimezitunga tu: wasichana ishara yao inaanza 1.10 na inashuka 0.03 kila mwaka, wavulana wanaanza 1.00 na wanashuka 0.02 kila mwaka. Ukipima kwenye umri 0 wasichana wako juu kwa 0.10. Ukipima kwenye miaka 10, wote ni 0.80, hakuna tofauti hata chembe. Ukipima kwenye miaka 15 wasichana ni 0.65 na wavulana 0.70, yaani sasa wavulana ndo wako juu! Data ni ile ile, modeli ni ile ile, watoto ni wale wale, na majibu matatu yote ni ya kweli. Kwa hio ukiniandikia "tuliona athari ya jinsia kwenye amigdala" (sehemu ndogo ndani ya ubongo) bila kuniambia kwenye umri gani, hujaniambia kitu.

Programu yenyewe usipoitajia kituo inachukua wastani wa umri wa wote, bila kujali kundi. Kwa watu wengi hio inatosha na ni afadhali kuliko 0, maana kwenye umri 0 hamna mtu ndani ya skana yako. Lakini mi nashauri uandike namba mwenyewe, -qVarCenters 10, kwa sababu "kwenye umri wa miaka 10" ni sentensi ambayo msomaji anaielewa na mwenzako mwenye data zingine anaweza kurudia, wakati wastani wa sampuli yako ni wako peke yako.

Halafu kuna mtego ndani ya mtego. Tuseme wavulana wako wana wastani wa miaka 12 na wasichana miaka 9. Ukiweka kituo kimoja unalinganisha mvulana na msichana wa umri mmoja. Ukiweka kila kundi kwenye wastani wake, jambo ambalo programu haikufanyii, unatakiwa ulifanye mwenyewe kwenye jedwali kabla, unalinganisha mvulana wa 12 na msichana wa 9. Yote mawili yanaruhusiwa ila ni maswali mawili tofauti kabisa, na watu wengi wanachagua lile lililowapa rangi nyingi kwenye picha. Na kama umri wa makundi haupishani hata kidogo, wavulana wote juu ya 12 na wasichana wote chini ya 10, basi hapo hakuna kituo kitakachokuokoa, modeli itavuta mistari mpaka mahali ambapo hakuna data na itakupa jibu kwa ujasiri mwingi sana.

Na msisahau kutaja umri kwenye -qVars, orodha ya kolamu za namba, jamani. Usipotajwa humo unachukuliwa kama makundi, kila umri kundi lake.

Cha pili ni zile ramani inazokutolea bila kuombwa. Kwa kila athari kuu na kila mwingiliano (yaani umri kufanya kazi tofauti kwa kila jinsia) unapata takwimu ya kai-skwea yenye digrii 2 za uhuru. Mbili siku zote. Mtahini atakuuliza, jinsia ina makundi mawili, digrii inatakiwa iwe moja, hii mbili imetoka wapi? Jibu ni kwamba lmerTest inakadiria digrii kwa njia ya Satterthwaite na zinabadilika vokseli kwa vokseli, sasa ili ramani iwe na kipimo kimoja wameamua kuigeuza p kuwa kai-skwea ya digrii 2 kila mahali. Ni urahisi wa kuhifadhi tu, haibadilishi p. Imeandikwa kwenye maelezo ya msaada, ila nani anasoma maelezo ya msaada.

Ubaya wa hizo ramani ni kwamba hazina mwelekeo wala ukubwa. Sehemu imewaka kwa "jinsia", yaani p yake imefika kizingiti, haya, nani kazidi? Imewaka kwa "jinsia:umri", haya, nani anashuka haraka, ama mmoja anapanda na mwingine anashuka? Ramani kimya. Hapo ndo nyota yangu ilipokatwa. Ukitaka kujua inabidi uiombe mwenyewe kwa -gltCode, mstari wa kuandika ulinganisho unaoutaka, na hapo programu inakuwa tamu, maana inakupa vitu viwili, kadirio lenyewe kwa vipimo vya data yako na Z yake, alama ya nguvu ya ushahidi. Mi huwa naziandika hizi zote hata kabla sijaona matokeo (me ni wanaume, ke ni wanawake, mtelemko ni kasi ya kubadilika na umri):

-gltCode me_ke 'jinsia : 1*me -1*ke'
-gltCode mtelemko_me 'jinsia : 1*me umri :'
-gltCode mtelemko_ke 'jinsia : 1*ke umri :'
-gltCode tofauti_mtelemko 'jinsia : 1*me -1*ke umri :'
-gltCode umri_wote 'umri :'

Angalieni hako kanukta pacha baada ya umri kakiachwa tupu. Maana yake "nipe mtelemko". Mstari wa kwanza hauna umri kabisa, kwa hio ni tofauti ya wanaume na wanawake pale pale kwenye kituo ulichoweka, na wa nne ni tofauti ya kasi zao. Watu wanaichanganya hio miwili kila siku, wanaona wa nne umewaka wanaandika "wanaume wana ishara kubwa kuliko wanawake". Hapana, mtu wangu. Umeona kwamba umri unawapeleka kwa kasi tofauti, nani mkubwa bado hujasema. Na wa mwisho ni wastani wa mitelemko miwili kwa uzito sawa, hata kama una wanawake 60 na wanaume 20. Kama mwingiliano ni mkubwa huo wastani hauelezei mtu yeyote aliyepo duniani, basi usiufanye kichwa cha habari.

Bado niko hapo hapo. Kuna tabia ya kuendesha wanaume peke yao, kuendesha wanawake peke yao, halafu kuweka ramani mbili pembeni pembeni: kwa wanaume umri umewaka, kwa wanawake haujawaka, kwa hio "umri unaathiri wanaume tu". Gelman na Stern waliandika juu ya hili mwaka 2006, kwamba tofauti kati ya kitu kilichofika kizingiti na kitu ambacho hakijafika, yenyewe inaweza isifike kizingiti. Mmoja p 0.04 mwingine p 0.07, hawa ni ndugu! Labda wanawake walikuwa wachache tu. Swali la tofauti linajibiwa na mstari wa nne wa -gltCode, basi.

Cha tatu ndo ninachokipenda kuliko vyote na hakiko kwenye maelezo ya programu, yaani itabidi ukijue wewe. Kolamu moja ya umri, mtu akiwa na picha tatu za miaka mitatu, ina vitu viwili ndani. Kuna umri wa mtu kulinganisha na watu wengine, na kuna miaka iliyopita kwa mtu huyo huyo tangu picha ya kwanza. La kwanza limebeba mizigo mingi: mtu wa miaka 70 na mtu wa miaka 30 hawajatofautiana miaka tu, wamekulia nchi mbili tofauti, huyu mzee alikuwa kijana wakati wa Amin na vita vilivyofuata, shule zimefungwa, dawa hakuna, na huyu wa 30 kazaliwa miaka ya 1990 na kaingia darasa la kwanza wakati elimu ya msingi ya bure ya 1997 imeshaanza au inakaribia. Ubongo wao ukitofautiana utasema ni uzee? La pili ni safi zaidi kwa sababu mtu analinganishwa na yeye mwenyewe. Ukiziacha kwenye kolamu moja modeli inazichanganya na kukupa mtelemko mmoja ambao ni uji wa yote mawili.

Dawa yake ni kolamu mbili: umri_wastani, yaani wastani wa umri wa mtu kwenye picha zake zote, na umri_tofauti, yaani umri wake siku hio toa huo wastani. Modeli inakuwa 'jinsia*umri_wastani+jinsia*umri_tofauti+(1|Subj)', zote mbili ndani ya -qVars, kituo cha kwanza weka umri unaoutaka na cha pili weka 0. Kama mitelemko miwili inakubaliana, unapumua. Isipokubaliana, umepata jambo la kuandika, na usikimbilie kuita ile ya kwanza "kuzeeka".

Halafu sikieni, kwa hapa kwetu kuna faida ya ziada. Umri wa watu wetu wakubwa mara nyingi ni makadirio. Unamuuliza mzee kijijini alizaliwa lini anakuambia mwaka ule Amin alipochukua nchi, unaandika 1971, jirani yake anakuambia alikuwa anatambaa Museveni alipoingia, unaandika 1985. Fomu zinajaa tarehe 1 Januari. Watu wa sensa wanalijua hili kitambo, umri unarundikana kwenye namba zinazoishia na 0 na 5. Kosa la namna hio kwenye umri linafanya mtelemko ulale, uonekane mdogo kuliko ulivyo, na kama upande mmoja, tuseme wanawake wa kijijini, umri wao ni wa kukadiria zaidi kuliko wa wanaume, unaweza ukapata mwingiliano wa jinsia na umri ambao umetoka kwenye fomu na sio kwenye ubongo. Sasa umri_tofauti hautegemei tarehe ya kuzaliwa hata kidogo! Unategemea tarehe za kupiga picha tu, na hizo zimo ndani ya faili la skana. Mzee hata akiwa amejiongezea miaka 5, tofauti yake ya picha ya kwanza na ya pili inabaki ile ile. Mi nadhani hii pekee inatosha mtu kugawa kolamu.

Mtaniuliza mbona usiweke (1+umri_tofauti|Subj) kila mtu awe na kasi yake. Weka kama una picha tatu au zaidi kwa watu wengi. Ukiwa na mbili mbili hakuna data ya kutosha kutenganisha kasi ya mtu na kelele za kipimo, kwa kawaida lme4 inagoma kabisa.

Na umri sio lazima uende kwa mstari ulionyooka. Zile chati za ubongo zilizotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2022, picha 123,984 za watu 101,457, zinaonyesha ujazo wa sehemu ya kijivu unafika kilele utotoni karibu miaka 6, ya nyeupe inaendelea kupanda mpaka karibu miaka 29 ndo ianze kushuka. Kwa hio ukiwa na watu wa miaka 8 mpaka 60 ukaweka mstari mmoja kwenye sehemu nyeupe, kupanda na kushuka vinafutana, unaandika "umri hauna athari". Unaweza kutengeneza kolamu ya umri mraba mwenyewe, baada ya kutoa kituo sio kabla, ama uende 3dMSS, nayo ipo humo humo AFNI, inachora mstari uliopinda kwa kadiri data inavyotaka. Kwa watoto tu au wazee tu mstari ulionyooka unaweza kutosha.

Mambo ambayo programu haiwezi kuyajua usipoyaweka kwenye jedwali. Kichwa kwanza. Vichwa vya wanaume kwa wastani ni vikubwa, ubongo wao una ujazo zaidi kwa karibu asilimia 10, kwa hio ukichambua ujazo bila kolamu ya ukubwa wa fuvu utawasha ubongo mzima kwa "jinsia" na utakuwa umegundua kwamba wanaume wana kofia kubwa. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ni mfano mzuri, kwa miaka mingi ilisemwa tofauti ya jinsia iko pale, uchambuzi wa 2016 uliokusanya tafiti nyingi ukakuta tofauti ikirekebishwa kwa ukubwa wa fuvu inaisha. Hata kwenye UK Biobank, hazina kubwa ya data za afya ya Uingereza, watu 5,216, tofauti zilionekana ila makundi yalipishana sana, na Daphna Joel na wenzake mwaka 2015 waliangalia ubongo zaidi ya 1,400 wakakuta walio wa "kiume" sehemu zote ama wa "kike" sehemu zote ni wachache mno. Kwa hio hata Z ikiwa 6, chora pia usambaaji wa watu wako, mtahini aone wanavyoingiliana. Na hio kolamu ya jinsia ina kile kilichoandikwa kwenye fomu ya kliniki tu. Homoni, malezi, nani alisoma na nani alitolewa shule mapema kuolewa, vyote vimejificha humo, modeli haitavichambua kwa niaba yako.

Kusogea. Watoto wadogo na wazee wanasogea zaidi ndani ya skana, na kusogea kunafanya gamba la ubongo lionekane jembamba kuliko lilivyo. Kwa fMRI, ile MRI ya kupima ubongo ukifanya kazi, kuna na mishipa ya damu: ile ishara ni ya damu na oksijeni, haitoki kwenye neva moja kwa moja, na mishipa inakakamaa na umri, kwa hio ishara ikishuka kwa mzee labda neva ziko sawa na tatizo ni bomba.

Skana. Hapa Uganda sasa tuna mchanganyiko, hospitali zenye mashine za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na kule Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara mwaka 2022 timu ya Johnes Obungoloch na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha MRI ya sumaku ndogo, chini ya tesla 0.1, hapo hapo chuoni, jambo ambalo mi najivunia kabisa. Ila ukichanganya picha za mashine tofauti weka kolamu ya skana, na hakikisha kila skana ina wanaume na wanawake na umri wa kila aina. Wazee wote wakipigwa mashine moja na vijana wote nyingine, umri na skana vimekuwa kitu kimoja, na 3dLMEr itakutolea rangi nzuri tu.

Kulinganisha na wengine kidogo. FreeSurfer, pakeji nyingine ya picha za ubongo kama SPM na FSL, ina zana ya LME (modeli hizi hizi za athari mchanganyiko) ya Bernal-Rusiel na wenzake, 2013, nzuri sana kwa unene wa gamba wa miaka mingi, lakini inataka Matlab, programu ya kulipia ya hesabu, na leseni ya Matlab sio pesa ya mwanafunzi. SPM ni ya bure nayo huwa inaegemea Matlab, na ile modeli yake ya flexible factorial kwa umri na makundi pamoja inakuumiza kichwa. FSL wana FLAME wanaiita ya athari mchanganyiko pia, ila pale wanamaanisha kubeba makosa ya kila mtu toka ngazi ya kwanza kwenda ngazi ya kikundi, kitu ambacho 3dLMEr haifanyi, AFNI kazi hio wamempa 3dMEMA. Kama swali lako ni sehemu chache tu za ubongo, sema hipokampasi na amigdala, mi ningesema achana na vokseli, toa wastani kwa 3dROIstats, kaa ndani ya R na lme4 yenyewe, uchore mistari ya kila mtu kwa macho yako.

Na kuna watakaoleta ile stori ya 2016, Eklund na wenzake kwenye jarida la PNAS, kwamba njia za makundi ya vokseli zilitoa ugunduzi wa uongo mpaka asilimia 70 na AFNI ilikutwa na kosa la miaka 15 ndani ya 3dClustSim, programu ya kukadiria kundi la vokseli liwe kubwa kiasi gani ndo uliamini. Ni kweli. Ile ya asilimia 70 haikuwa ya AFNI peke yake, SPM na FSL pia walimo, kosa lilirekebishwa 2015 na baadaye wakaleta -acf, njia bora ya kupima ulaini wa picha (jinsi vokseli jirani zinavyofanana). Kwa hio toa mabaki ya modeli (kile ambacho modeli haikukieleza) kwa -resid, pima ulaini wake kwa 3dFWHMx -acf, peleka namba kwenye 3dClustSim, anza na p 0.001, kwa pande mbili (kuongezeka na kupungua). Ukimaliza onyesha makadirio yenyewe, usionyeshe Z peke yake, na sehemu ambazo hazikufika kizingiti zififishe badala ya kuzifuta. Timu ya AFNI wenyewe wanalipigia kelele hili na mi niko upande wao.

Mwendo wake sasa. Ubongo mzima kwenye laptopu ya kawaida unaweza kulala na kuamka bado inahesabu, tumia -jobs kwa kadiri ya kori ulizonazo, na usiendeshe bila -mask, faili linaloonyesha ubongo ulipo, maana utakuwa unachambua hewa iliyo nje ya kichwa. Stima ikikatika katikati unaanza upya, haihifadhi njiani. Kwa hio kabla ya kuachia usiku kucha kata kamaski kadogo ka vokseli mia chache, endesha hako kwanza, hakikisha kila -gltCode imetoka na alama ya me toa ke iko upande ulioukusudia, ndo uite ubongo mzima. Na mwenye betri ya kuungia aungie.